Magauni ya Komunyo na Nozeli ya Boila

Karibu na ninapoishi sasa, mjini Moshi, kuna kibanda cha dobi kinachopakana na kituo cha mafuta. Nikipita pale asubuhi, pasi ya mkaa ikiwa imeshakolea na lori limesimama linajaza dizeli, pua yangu hupata harufu mbili kwa mpigo: nguo yenye wanga inayopigwa pasi, na dizeli. Watu wengine wakikutana na mchanganyiko huo huongeza mwendo. Mimi husimama. Nimeshasimama pale mara nyingi kiasi kwamba dobi anaamini nina nguo zangu kwake ambazo naona haya kuja kuzichukua. Sina nguo kwake. Ni kwamba harufu ile hunirudisha kwetu Masama, mlimani Kilimanjaro, kwenye wiki ya Komunyo yangu ya Kwanza, wakati baba yangu alipotaka kutuletea maji ya moto bombani na akakaribia kuwazuia wasichana wa kigango kizima wasimpokee Yesu.

Ngoja nianze na baridi, maana bila baridi hamtamwelewa Baba. Ninyi mliokulia tambarare mnakuja Masama Desemba, jua likiwaka, mnavuta pumzi mnasema kwetu kuna hewa nzuri. Njooni Juni. Ukungu unashuka kutoka msituni, unaingia kihambani, unakaa katikati ya migomba na mibuni kama mgeni aliyesikia kuna mtori jikoni na hana mpango wa kuondoka kabla haujaiva. Maji yetu yalitoka mlimani na hayakupata mahali pa kupoteza ubaridi wake njiani. Kunawa uso kulikuwa ushujaa. Mimi nilikuwa na mbinu yangu ya kulowesha ncha za vidole na kuzipaka kwenye nyusi tu, kwa sababu Mama alipokagua alianzia hapo.

Baba alikuwa dereva wa lori la ndizi. Alipakia mikungu kwetu juu, akaipeleka soko la Bomang'ombe, na siku nyingine Arusha. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuzidi injini, na aliamini kwamba chochote kinachotumia dizeli ni ndugu yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, na sisi tulikula, tukasali na kupokea wageni kwa kuizunguka. Mtu wa nne nyumbani alikuwa Bibi, mama yake Baba, ambaye magoti yake yalitabiri mvua na ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya vitu ambavyo hakuna aliyemuuliza.

Basi mwaka ule kulikuwa na mnada kwenye nyumba moja kubwa ya zamani ya shamba la kahawa, upande wa chini. Baba alikwenda kuangalia matairi. Alirudi jioni akiwa amekaa wima kwenye usukani, na nyuma ya lori, kati ya majani ya migomba, kulikuwa na pipa kubwa la chuma lenye rangi ya kijani, bomba juu, milango midogo mbele, na ubavuni limening'inia dude lenye mota, feni na waya.

Majirani walikuja kusaidia kulishusha. Bibi akatoka na fimbo yake, akaligonga, akasikiliza.

"Limekufa?" akauliza.

"Mama, hii ni boila," Baba akasema. "Inachoma dizeli, inapasha maji, maji yanakwenda bafuni yenyewe. Unafungua bomba hivi, unaoga kama uko hotelini."

"Na nani atakaa bafuni kunishika nisianguke kwa mshangao?"

Watu wakacheka, lakini Baba hakutetereka. Kila aliyemuuliza kwa nini ameinunua alipewa sababu yake. Kwa katekista alisema ni usafi. Kwa majirani alisema dunia inakwenda mbele, hatuwezi kubaki na masufuria. Bibi aliambiwa ni kwa ajili ya magoti yake. Mimi niliambiwa nitaacha kunuka moshi wa kuni shuleni. Mama hakuuliza, kwa hiyo hakuambiwa kitu. Aliizunguka boila mara moja, akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye cherehani yake kwa sababu alikuwa na kazi kubwa kuliko zote za mwaka: magauni ya Komunyo ya Kwanza ya wasichana wote wa kigango chetu, likiwemo langu.

Baba akaijengea boila kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akaunganisha mabomba, akavuta umeme. Akaiwasha. Mota ikalia, feni ikazunguka, halafu mafuta yakaanza kudondoka ndani, to, to, to, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Hakuna moto.

Alifungua lile dude la ubavuni, ambalo mafundi huliita bana, na mbele yake akakuta kitu kidogo cha shaba, si kikubwa kuliko kofia ya kalamu, chenye tundu ambalo ni lazima ulielekeze kwenye mwanga ndipo ulione. Hiyo ndiyo nozeli. Mafuta yanasukumwa na pampu, yanapita kwenye lile tundu, yanatoka yakiwa ukungu mwembamba, na ukungu huo ndio unaoshika moto. Baba alijua habari hizo kutokana na injini. Alichokiona ni kwamba tundu limeziba. Akaingia ndani, akafungua kopo la vifaa vya Mama, akachukua sindano.

Mama alipoikuta sindano yake baadaye ilikuwa imepinda kama ndoana. Nozeli nayo ilikuwa imezibuka vizuri sana. Sasa badala ya kudondosha ilikojoa, tena upande. Na maandishi madogo yaliyochorwa ubavuni, ambayo yangetueleza ni nozeli ya namna gani, yalikuwa yamekwanguliwa na koleo la Baba.

"Si kitu," Baba akasema. "Nozeli ni nozeli, na dizeli ni dizeli."

Sentensi hiyo tuliirudia nyumbani kwa miaka mingi, kila mara mtu alipokuwa karibu kuharibu kitu.

Siku ya Alhamisi, kabla ya Jumapili yenyewe, jua lilitoka. Ndugu zangu, jua la Juni kwetu ukiliona unaacha hata kikombe mdomoni unakimbilia kamba ya nguo. Mama alikuwa amemaliza magauni. Aliyafua kuondoa alama za chaki na vumbi la cherehani, akayatia wanga, akayaanika nyuma ya nyumba. Yalikuwa meupe mpaka macho yanauma. Kulikuwa na mikono ya puto, lesi shingoni, na shela ndogo kwenye kamba ya pembeni, zote zikining'inia kati ya migomba. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikilinda kuku wasipite chini yake. Nilikuwa na fimbo. Nilijiona kama malaika wa bustani ya Edeni.

Baba akaingia na lori, anapiga honi. Alikuwa amepata nozeli. Rafiki yake mmoja Bomang'ombe alikuwa na iliyotoka kwenye oveni ya mikate, oveni inayolisha mji, na akampa.

"Hii ni ya moto wa kiume," Baba akasema, akiishika kati ya vidole viwili. "Kama inaoka mikate ya watu wote wale, itashindwa maji ya kuoga?"

Bibi, aliyekuwa anaota jua mlangoni, akamuuliza kama anataka kuoga au kuokwa. Baba akaingia kibandani. Nikasikia spana, nikasikia anaimba. Kisha mota ikaanza.

Kwanza ulikuja mngurumo, kama lori linalopanda mlima na gia isiyo yake. Mabati ya kibanda yakatetemeka. Kuku wangu wakaondoka bila kuhitaji fimbo. Halafu bomba la boila likakohoa, mara moja, kikohozi kizito cha mzee, na nje ukatoka moshi mweusi mnene kiasi kwamba ulionekana kama kitambaa. Haukupanda. Siku ile hapakuwa na upepo wa kuupandisha. Ulisimama juu ya kibanda ukifikiri, kisha ukashuka taratibu ukapita kwenye kamba za nguo kama mtu anayekagua gwaride.

Baba alitoka kibandani akiwa na macho mawili na meno, vingine vyote vimepotea.

"Imewaka!" akasema.

Bibi akaangalia juu, akaangalia kamba, akasema, "Baba Aika, tulikuambia utuletee maji ya moto. Umetuletea Moshi yote mpaka na stendi."

Masizi yalikuwa yanaanguka bado, mepesi, makubwa, yenye mafuta. Yalitua kwenye mikono ya puto. Yalitua kwenye lesi. Mimi nilifanya kitu ambacho mtoto yeyote mwenye akili angefanya: nilikimbia nikaanza kuyapangusa, na kila nilipopangusa doa moja likawa mstari.

Mama alitoka na tepu yake shingoni. Nilifumba macho. Mama yangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Nilishawahi kumsikia akimfokea kondakta mpaka abiria wakashuka kabla ya kituo. Nilingoja. Hakuna kilichokuja. Nilipofumbua macho nilimwona amesimama mbele ya gauni langu, anamtazama Baba, na Baba anatazama miguu yake, akiwa mweusi kutoka utosini, na spana imelegea mkononi. Kisha Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Zima hicho kitu. Njoo tuanue."

Habari mbaya kwetu hazihitaji redio. Kabla hatujamaliza kuanua, Mama Viki alikuwa ameshafika. Viki alikuwa mwenzangu darasa la Komunyo, na mama yake ndiye aliyependekeza magauni yote yafanane ili mtoto wa mtu asipendeze kuliko wa mwingine. Sasa yalifanana.

"Mama Aika," akasema, amejishika kichwa, "Jumapili ndiyo hii imefika! Wageni wangu wanatoka Rombo! Mbuzi tumeshanunua!"

"Yatafuliwa," Mama akasema.

"Kwa maji haya?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Tulijaribu gauni moja kwenye beseni, na yale masizi, kwa sababu yalikuwa na mafuta, kwenye maji baridi yalijipaka kitambaani kama siagi kwenye mkate. Yalihitaji maji ya moto, moto hasa, tena mengi. Na jua lilikuwa limeshaingia ndani ya ukungu. Kuni zetu, na za kila mtu, zilikuwa mbichi kwa mvua. Sufuria moja lilichukua nusu ya alasiri kutoa mvuke. Kwa hiyo tulikuwa na kitu kimoja tu kihambani chenye uwezo wa kupasha maji ya kutosha kufua magauni yale, nacho ndicho kilichoyachafua.

Baba aliondoka na lori jioni ile ile, bila kunawa. Watu wa Bomang'ombe walituambia baadaye kwamba waliona lori la ndizi likijiendesha. Alirudi na nozeli nyingine, ndogo, aliyoitafuta akiwa ameapa kuachana na mambo makubwa. Asubuhi ya Ijumaa akaifunga. Moto ukawaka, mdogo, wa bluu, wenye adabu, ukazimika. Akauwasha tena. Ukatazama huku na huku, feni ikaupuliza, ukazimika. Kila ulipozimika tulilazimika kusubiri boila itulie kabla ya kubonyeza tena. Mwishowe Baba akafungua bomba la bafuni, Bibi akaweka kiwiko chini yake kama anayepima maji ya mtoto mchanga.

"Vuguvugu," akatoa hukumu. "Haya hata kuku humnyonyoi."

Baba akakaa juu ya debe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi mbele ya kitu chenye dizeli.

Hapo ndipo Mama alipokuja kibandani na tepu na tochi. "Hebu nione tumbo lake," akasema.

Baba akafungua mlango mdogo wa mbele. Mama akapiga magoti kwenye masizi, akaingiza kichwa na mkono, akaanza kuipima boila kama anavyopima bibi harusi. Alipima urefu wa ndani, kutoka pale bana inapotemea moto mpaka ukuta wa nyuma. Akapima upana. Akapima mzingo wa pipa la nje, akanung'unika, "Kiuno hana." Alinikabidhi chaki nikaandika namba nyuma ya kipande cha ubao alichokatia kola. Baba alimwangalia kama mtu anayemwona mkewe akizungumza Kijerumani.

"Unampimia nguo?" akamuuliza.

"Nikienda dukani nikamwambia mtu nataka gauni, ataniuliza la nani," Mama akasema. "Wewe huko ulikokwenda, waliuliza moto ni wa nani?"

Baba akasema kwa unyenyekevu kwamba alikuwa ameulizwa kitu kama hicho na fundi mmoja wa Majengo, mtaalamu wa oveni, lakini yule bwana alikuwa anauliza maswali mengi mno, na yeye alikuwa na haraka, na pia alikuwa na masizi.

Tulikwenda, Mama na mimi, na ule ubao mkononi. Majengo, mtaa wa mjini Moshi, kwangu ilikuwa kama nchi nyingine: nyumba zimeshikana, redio tatu mtaa mmoja, watu wanapiga mabati, wengine wanachomea vyuma, na mwadhini anaita juu ya yote. Duka la Fundi Sadiki lilikuwa chumba kimoja kilichojaa matumbo ya mashine. Mwenyewe alikuwa mnene, amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye kofia, na alipenda kuongea kuliko alivyopenda hewa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mama. Karibuni. Mume wako ndiye yule aliyekuja jana mweusi?" akamuuliza Mama. "Nilifikiri ni mchoma mkaa. Nilimuuliza, boila yako ni ya ukubwa gani? Akaniambia kubwa. Nikamuuliza, chumba cha moto kina urefu gani? Akaniambia wa kutosha. Sasa mimi nimpe nini? Nimpe kubwa ya kutosha?"

Mama akamwekea ule ubao mezani. Fundi akabadilisha miwani, akasoma, akanyamaza. Nadhani haikuwa kawaida yake, maana kijana wa duka jirani alichungulia kuona kuna nini.

Akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa nozeli, akazimwaga juu ya kitambaa. Zote zilikuwa sawa machoni pangu. Akatuonyesha kwa kioo cha kukuza kwamba kila moja imeandikwa ubavuni: namba ya kwanza ni kiasi cha mafuta kinachopita kwa saa, ya pili ni pembe ambayo mafuta yanatawanyika yakitoka. Kiasi, alisema, kinatokana na ukubwa wa boila. Ile ya mikate tuliyomsimulia ilikuwa inamwaga mafuta mengi kuliko hewa ya feni yetu, ndiyo maana ya masizi. Na ile ndogo inapewa upepo mwingi kuliko moto wake, ndiyo maana unazimika. Akachambua, akabakiza mbili zenye kiasi kimoja.

"Hizi zote mbili zinafaa kwa mafuta," akasema. "Chukua hii. Hii ndiyo ninayowapa watu wa oveni, hawajawahi kulalamika."

"Na hiyo nyingine?"

"Tofauti ni pembe tu. Hii moto wake mwembamba, mrefu. Hii nyingine moto wake mfupi, umetanuka."

Mama akazichukua, moja kila mkono, ingawa kwa kuziangalia usingeona chochote. "Yaani hii ni sketi ya kubana, hii ni sketi ya mwavuli."

Fundi Sadiki akafikiri. "Sijawahi kusikia hivyo," akasema, "lakini ndiyo."

"Oveni yako ya mikate ndani ikoje?"

"Ndefu. Kama jeneza, Mungu atuepushe."

"Boila yangu ni fupi, pana, haina kiuno. Nikiivalisha ya kubana ndefu, si itagonga ukuta wa nyuma?"

Fundi akauvuta ule ubao, akasoma urefu tena, akapima hewani kwa mikono yake miwili kama mtu anayesimulia samaki. Akaanza kucheka, cheko lililoanzia tumboni na kufika kwenye miwani ya juu.

"Itagonga," akasema. "Itagonga na italeta masizi mengine. Mama, chukua ya mwavuli. Na mwambie mzee, tafadhali, asiguse kitundu. Hata na unywele."

Tuliporudi ukungu ulikuwa umeshuka kabisa, na nyuma ya nyumba wamejaa wanawake. Mama Viki alikuwa amewakusanya mama wote wenye watoto wa Komunyo, kila mmoja na beseni, sabuni, na hasira aliyokuwa ameishikilia tangu jana. Walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakimtazama Baba. Baba alikuwa anafagia kibanda kwa mara ya kumi, ili asikutane na macho ya mtu.

Mama alimpa nozeli kwenye kiganja, mbele yao wote, akamwambia tu, "Ifunge." Hakumwambia habari za sketi. Hakusema fundi alisema nini juu ya mchoma mkaa. Baba akaifunga kwa vidole kwanza, kisha spana, taratibu kama anayemvisha mtu pete, akafuta jasho, akabonyeza.

Mota. Feni. Kisha sauti ambayo hatukuwa tumeisikia, ya chini, laini, kama mtu anayepuliza chai asiungue. Wote tukatazama bomba la moshi. Hakikutoka kitu. Tukangoja kikohozi. Hakikutoka kitu, hewa tu ilikuwa inacheza juu ya bomba, kama barabara inavyocheza kwenye jua. Mama akafungua mlango wa kuchungulia na mimi nikainama chini ya mkono wake. Moto ulikuwa mfupi, umejaa, umetanuka pande zote bila kugusa ukuta hata mmoja.

"Imemkaa," Mama akasema.

Baada ya muda mvuke ukatoka kwenye bomba la bafuni, na Mama Viki, aliyekuwa amekuja kugombana, akaweka mkono, akautoa haraka, akapiga kigelegele. Sitasahau ufuaji ule. Mabeseni yalipangwa kutoka bafuni mpaka jikoni, maji yanapita kwa ndoo mkono kwa mkono, wanawake wamekunja kanga mapajani wanasugua na kuimba, povu limefika mlangoni. Mtu akaleta mbege, si ya kulewa, ya kusukuma kazi. Bibi alikaa katikati na miguu yake kwenye beseni lake mwenyewe la maji ya moto, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, na mara kwa mara alisikika akisema "Ahaa," kwa magoti yake.

Masizi yalitoka karibu yote. Kilibaki kivuli, kama cha jioni. Mama Viki akasema dawa ya kivuli ni bluu ya kufulia, akatia. Mama wa mtoto mwingine, bila kujua kwamba imeshatiwa, akatia. Nadhani na Bibi alitia, ingawa alikana mpaka anaingia kaburini. Tuliyakausha kwa pasi usiku kucha na Jumamosi nzima, sebule inanuka wanga na dizeli, na Jumapili asubuhi tukaingia kanisani kwa mistari, wasichana wa kigango kizima, tukiwa na rangi ya anga.

Padre alisimama altareni akatuangalia mstari kwa mstari. Wavulana walikuwa weupe. Sisi tulikuwa bluu. Mama alikuwa amejiinamia kama anasali. Kisha padre akasema amefurahishwa sana kuona kwamba wazazi wa kigango hiki wameamua, bila hata kuambiwa, kuwavalisha mabinti rangi ya Mama Bikira Maria. Na mwaka uliofuata, msiniulize kwa nini, akina mama wa kigango cha jirani walimletea Mama kitambaa cha bluu.

Baba alipongezwa sana baada ya misa. Watu walitaka kuona boila. Aliwaonyesha, akawaeleza habari za kiasi na pembe, na kila alipofika kwenye pembe alisema, "Hapo mwulizeni Mama Aika, ndiye aliyeipima." Alilisema kwa sauti ile ile ya kuzidi injini. Mimi nilikuwa nimekula pilau ya watu wengi siku ile na sikuona kitu cha ajabu. Nilichoondoka nacho utotoni ni kwamba nozeli ina namba mbili, na kwamba Mama siku moja alinyamaza.

Kunyamaza kule ndiko kulikonisumbua. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, tumekaa jikoni tunachambua maharage, mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimemfokea mume wangu kwa kuharibu bomba la sinki alipojaribu kulitengeneza na tulikuwa hatujasemezana.

Mama hakuinua macho. Alisema kabla ya ule mnada kulikuwa na asubuhi moja ya baridi, anafua mashuka kwenye mfereji, vidole vikafa ganzi kabisa, hawezi kukamua. Akakaa pale akalia, si kwa maumivu, bali kwa kufikiri kesho atashika sindano na nini. Baba alikuwa anapita kwenda kwenye lori. Akaja, akamwondoa taratibu, akayakamua yale mashuka yote yeye, mwanaume, mferejini, saa ambayo watu wanakwenda shambani na kila anayepita anaona. Hakulizungumza tena. Lakini tangu hapo, Mama alisema, alianza kuuliza watu habari za maboila.

"Sababu alizokuwa anawapa watu," nikasema, "usafi, magoti..."

"Zote zilikuwa za kweli kidogo," Mama akasema, akicheka. "Lakini mimi nilijua."

Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharage.

"Magauni tungeazima," akasema. "Tungengoja hata mwezi, padre angeelewa. Lakini lile dude lingemshinda pale, mbele ya akina Mama Viki, wangemcheka mpaka leo. Na angeona kwamba kuniletea kitu ni kuchekwa. Sasa nani tena angeniletea maji?"

Niliporudi kwangu jioni ile sikusema mengi. Nilichukua tochi, nikapiga magoti chini ya sinki kando ya mume wangu, aliyekuwa bado anahangaika na lile bomba, nikamuuliza anataka nimshikie wapi.